Figo hazisubiri uumwe: pima ungali mzima

Swali ninaloulizwa mara nyingi kliniki ya figo ni hili: "Daktari, mbona sikuwahi kuumwa?" Anayeuliza miguu imemvimba, kichefuchefu hakimwishi, na majibu yanaonyesha figo zimebaki na chini ya asilimia 15 ya nguvu zake. Kweli hakuumwa. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo huku analima, anauza duka na usiku analala fofofo.

Duniani, takribani mtu mmoja kati ya 10 ana ugonjwa sugu wa figo. Kwetu Tanzania, utafiti wa Moshi mjini na vijijini uliochapishwa 2015 uliukuta kwa watu wazima 7 katika kila 100: mjini 15, vijijini 2. Kinachoniuma ni kwamba karibu 9 kati ya kila 10 waliokutwa nao hawakuwa na habari. Tena karibu nusu ya wote waliokutwa nao hawakuwa na presha, kisukari wala VVU.

Vipimo ni viwili. Cha kwanza ni mkojo: kijiti kinachochovywa kwenye kikopo, unasubiri kama dakika moja, na kile kipande cha njano kikigeuka kijani, protini inavuja. Cha pili ni damu, kuangalia kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, ambayo pamoja na umri na jinsia hutuonyesha kasi ya figo kuchuja. Ikiwa chini ya mililita 60 kwa dakika, au protini ikiendelea kuvuja, kwa miezi 3 au zaidi, huo ni ugonjwa sugu. Jibu moja baya lisikutie hofu. Hata homa huweza kuleta protini kwa muda. Rudia.

Mwenye presha, kisukari, VVU au ndugu aliyeugua figo apime vyote viwili kila mwaka. Nawaongeza wanaomeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila jioni kwa ajili ya mgongo. Kliniki nyingi presha na sukari hupimwa kila hudhurio, mkojo ukasahaulika. Uulizie mwenyewe, ni haki yako.

Tukiuwahi, tuna vidonge vinavyopunguza protini inayovuja na kuzilinda figo kwa miaka mingi. Tukichelewa ni mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara.