Kuzamia kwa mtungi wa hewa Ngazidja, kisiwa cha Komoro: bega likiuma jioni, si uchovu

Sisi tumekulia ziwani, tunazamia tangu utotoni. Kuna jipya gani?
Mtungi. Ziwani unashuka na pumzi uliyovuta juu. Kwa mtungi unavuta hewa yenye presha ya huko chini: baharini, mita 10 ni mara mbili ya juu, mita 20 mara tatu. Ukibana pumzi huku unapanda, hewa hiyo inatanuka na kuchana mapafu. Naitrojeni, gesi iliyo nyingi hewani, nayo imeyeyuka kwenye damu. Ukipanda mbio inatoka viputo kama soda iliyofunguliwa. Panda kwa mita 9 kwa dakika au polepole zaidi, usimame mita 5 kwa dakika 3.

Bega linauma jioni. Si kwa sababu nimebeba mtungi?
Hapana. Hesabu kuwa ni viputo mpaka daktari akuambie vinginevyo. Vivyo hivyo ganzi, ngozi kuwasha na kutoka mabaka, kizunguzungu, kuchoka kupita kiasi, miguu kulegea, mkojo kugoma. Dalili nyingi hujitokeza ndani ya masaa 6, nyingine huchelewa hadi 24.

Nimeze panadol nilale, nione asubuhi?
Usilale nayo! Wanaoletwa wamechelewa huanza hivyo hivyo: panadol, kuchuliwa kwa mafuta ya moto, kisha dawa ya mseto kwa kuwa "viungo vinauma, ni malaria". Malaria Komoro ipo, pima. Lakini kipimo kifanyike ukiwa tayari kwenye oksijeni. Panadol inanyamazisha maumivu tu. Kiputo kimebaki kwenye uti wa mgongo.

Lala chali. Oksijeni lita 15 kwa dakika, barakoa yenye mfuko. Maji kidogo kidogo kama una fahamu zako, bia hapana. Kisha chumba cha presha, kile kinachofungwa na kuongezwa presha ili viputo vinywee, ambako kikao cha kwanza huchukua karibu masaa 5.

Maumivu yakiisha kwa oksijeni?
Unakwenda vilevile. Na usirudi majini "kusawazisha" presha. Huo ushauri wa mwenzako wa kwenye boti umelemaza watu.

Ndege ya kurudi je?
Ukizamia mara moja, subiri masaa 12. Ukizamia siku kadhaa, 18, na 24 ni bora zaidi. Presha ndani ya ndege yaweza kuwa kama uko mlimani mita 2,400. Sasa angalia: kilele cha Karthala, volkano ya Ngazidja, kiko mita 2,361. Watu wanaogopa ndege halafu kesho yake wanapanda Karthala! Mlima kwanza, bahari baadaye.

Nina mafua kidogo.
Usizamie. Dawa ya kufungua pua ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa inanasa sikioni wakati wa kupanda.

Niulize nini kabla ya kulipa?
Oksijeni iko ndani ya boti au ofisini? Chumba cha presha cha karibu kiko nchi gani, na bima yako inataja kuzamia na usafiri wa kufika huko? Mwenye pumu, kifafa au mimba amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Nimefika Mwanza, ganzi ilianza ndani ya ndege.
Nenda hospitali ya Bugando usiku huo huo. Usianze na "mwili unauma", utapimwa malaria na kurudishwa nyumbani. Anza na "nilizamia kwa mtungi", kisha taja kina, dakika ulizokaa chini, saa uliyotoka majini na saa ndege iliyoruka.