Foliki asidi: usisubiri kliniki ndo uanze

Foliki asidi ni nini?
Ni vitamini B9, basi. Mwili unaitumia kutengeneza damu na seli mpya, na mtoto akiwa tumboni anaihitaji ili mgongo na ubongo wake ufunge vizuri.

Si nitapewa vidonge nikianza kliniki?
Hapa ndo penye shida dada zangu. Mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, wengi hapo hata hawajajua kama wana mimba, sasa mtu anaficha tumbo mpaka miezi mitano eti watu wasimuone ndo anakuja kuuliza dawa ya kuzuia mgongo wazi, jamani miezi mitano mgongo ulishafunga au ulishashindwa zamani sana! Vya kliniki meza, damu unaihitaji, ila kwa mgongo wazi umechelewa.

Kwa hiyo nianze lini?
KABLA ya mimba. Angalau mwezi mmoja kabla, miligramu 0.4 kila siku mpaka wiki ya 12. Duka la dawa wanaweza kukupa cha miligramu 5, hicho ni cha kuandikiwa na daktari, mfano mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.

Nakula mchicha kila siku, hautoshi?
Mchicha safi sana, na maharage, kunde, choroko, dengu, karanga, parachichi, machungwa. Ila unaupikaje? Unakata ndo unaosha, unachemsha nusu saa, unakamua yale maji ya kijani unamwaga, vitamini yenyewe ndo hiyo umemwaga, inayeyuka kwenye maji na moto mwingi unaiharibu. Osha kwanza ndo ukate, pika dakika chache, maji yaishie humo humo. Na bado anayetafuta mtoto ale hivyo na kidonge ameze.

Sina mpango wa kuzaa sasa hivi, inanihusu?
Unatumia uzazi wa mpango? Kama hutumii inakuhusu, mimba ngapi zinaingia bila kupangwa.

Nimeshakosa siku zangu wiki iliyopita, nimechelewa?
Anza leo. Leo leo, usisubiri mume arudi wala tumbo lionekane, bado siku chache zipo, na kliniki uende kabla ya wiki 12.