Mfumo ukiwa mzito, iulize databesi kabla hujanunua RAM

Simu zinazoingia kwenye dawati letu la databesi zinafanana sana, mtu anapiga anasema mfumo umekuwa mzito toka asubuhi, watu wamejaa dirishani wanasubiri, tunaomba mtuongezee RAM. Yaani jibu ameshajipa kabla hata hajauliza swali. Nawaelewa kabisa, bosi akiwa amesimama nyuma ya kiti chako lazima ufanye kitu kinachoonekana, na kuzima seva na kuiwasha kunaonekana, kununua RAM kunaonekana. Ila kwa miaka niliyokaa kwenye hii kazi, mara nyingi mno kilichokuwa kinaumwa si seva, ni kweri (swali ambalo programu inaiuliza databesi) moja au mbili, au muamala (fungu la kazi linalohesabiwa kama kitu kimoja mpaka lifungwe) mmoja ulioachwa wazi ukasahaulika, na databesi yenyewe ilikuwa inajua muda wote, ingesema kama kuna mtu angeiuliza.

Kwahiyo leo tuongelee namna ya kuiuliza. Nitatumia databesi za PostgreSQL na MySQL kwa sababu ndo ninazokutana nazo kila siku, ukiwa na nyingine majina ya vitu yatabadilika kidogo lakini mambo ni yale yale.

Kabla hujagusa chochote, angalia nani yuko ndani na anafanya nini muda huu. Kwenye MySQL unapiga SHOW FULL PROCESSLIST, kwenye PostgreSQL unapiga hivi:

SELECT pid, state, wait_event_type, xact_start, query FROM pg_stat_activity ORDER BY xact_start;

Unachotafuta hapo ni kutofautisha mambo mawili ambayo kwa mtumiaji wa kawaida yanaonekana sawa: mfumo unafanya kazi kupita uwezo wake, au mfumo umekaa tu unasubiri. Kama CPU imepanda na diski inasoma bila kupumua, hiyo ni kazi nyingi. Kama CPU imetulia, diski imetulia, na bado watu wanalalamika kurasa hazifunguki, basi watu wanasubiriana, kuna kufuli mahali, yaani mmoja ameshikilia kitu ambacho wengine wanakihitaji, na RAM haifungui kufuli hata ukiijaza mpaka mwisho.

Nielezee niliyoyaona kwa macho yangu, mahali penyewe sipataji. Mfumo mzima umeganda, kurasa zote, na walikuwa tayari wanajiandaa kuizima seva. Nikapiga ile kweri ya juu, nikakuta mistari zaidi ya 80, karibu yote imeandikwa Lock kwenye wait_event_type, halafu pale juu kabisa mstari mmoja tu una hali ya idle in transaction (muamala uko wazi lakini haufanyi kitu), umeanza zaidi ya dakika 40 nyuma. Kumbe kuna mtu alifungua programu ya kuangalia data kwenye kompyuta yake, ile programu inafungua muamala yenyewe bila kumwambia, akapiga SELECT moja akaona alichotaka, akaenda kikaoni. SELECT inashika kufuli jepesi sana, kwa kawaida halimzuii mtu kusoma wala kuandika. Shida ni kwamba baada yake ikaja skripti ya ALTER TABLE ya kuongeza kolamu kwenye jedwali lile lile, na ALTER TABLE inataka kufuli zito lisilokaa na mwingine yeyote, ikabidi isubiri. Na hapa ndo wengi hawajui: foleni ya kufuli haina kupitana, kila SELECT mpya iliyokuja baadae ilijipanga nyuma ya ALTER TABLE, ingawa ingeweza kabisa kukaa pamoja na ile SELECT ya yule jamaa wa kikaoni. Mtu mmoja hajagusa kitu, skripti moja inasubiri, na ofisi nzima imesimama.

Tulichofanya ni SELECT pg_terminate_backend ikifuatiwa na ile namba ya pid (namba ya prosesi inayohudumia koneksheni yake), na ile mistari 80 ikaisha kwa kufumba na kufumbua. Angalia, pg_cancel_backend hapo haisaidii, yenyewe inasitisha kweri inayoendelea na pale hakukuwa na kweri inayoendelea, kulikuwa na muamala umekaa tu umeshika kufuli. Ukitaka kujua nani anamzuia nani bila kubahatisha, PostgreSQL toka toleo la 9.6 ina pg_blocking_pids, unaipa pid ya anayesubiri inakutajia waliomzuia.

Toka siku hiyo sikubali mtu aendeshe ALTER TABLE kwenye mfumo unaotumika bila kuanza na SET lock_timeout = '3s', ili ikikosa kufuli ndani ya sekunde tatu ijitoe yenyewe, ujaribu tena baadae. Na kuna idle_in_transaction_session_timeout, ambayo ikija imewekwa 0, maana yake hailindi chochote, ipe dakika chache kulingana na kazi zenu. Wa MySQL msijione mmepona, kwenu hali hii inajionyesha kama Waiting for table metadata lock, na lock_wait_timeout (muda wa kusubiri kufuli) ya kwenu inakuja na sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima. Ishusheni jamani.

Haya, tuseme hakuna kufuli, ni kazi kweli. Hapo swali ni kazi gani. MySQL ina logi ya kweri nzito lakini inakuja imezimwa, na hata ukiiwasha, long_query_time iko sekunde 10, ambayo ni nyingi mno, kweri ya sekunde 2 inayopigwa kila mara inapita bila kuonekana. PostgreSQL nayo log_min_duration_statement inakuja imezimwa. Mimi napenda zaidi pg_stat_statements ya PostgreSQL, unaiweka kwenye shared_preload_libraries, unawasha upya seva mara moja, halafu inakuhesabia kila aina ya kweri imepigwa mara ngapi na imekula muda gani kwa jumla. Panga kwa total_exec_time, usipange kwa ile iliyochukua muda mrefu peke yake. Ripoti ya sekunde 40 inayopigwa mara mbili kwa siku imekula sekunde 80 tu, wakati kakweri ka milisekunde 4 kanakopigwa mara milioni 3 kamekula sekunde 12,000, masaa matatu na dakika ishirini ya seva yako, na hakuna mtu amewahi kukalalamikia kwa sababu kenyewe kakiwa peke yake kanaonekana chepesi. Mara nyingi vile vikweri vinatoka kwenye programu iliyoandikwa vibaya, inachukua orodha ya oda 500 halafu kwa kila oda inarudi tena kwenye databesi kuuliza jina la mteja, safari 501 kwa kitu ambacho JOIN moja (kweri inayounganisha majedwali) ingemaliza.

Ukishaipata kweri, iwekee EXPLAIN ANALYZE mbele yake usome plani, yaani njia ambayo databesi imechagua kuifikia data. Onyo moja kabla hujaendelea: EXPLAIN ANALYZE inaiendesha kweri kweli kweli, ukiiweka mbele ya DELETE data inafutika, kwahiyo zungushia BEGIN na ROLLBACK (kuanza muamala, halafu kuurudisha nyuma). Plani inatisha ukiiona mara ya kwanza lakini mistari ya kuangalia ni michache. Tuseme una jedwali la malipo lenye rekodi kama milioni 18.4, kolamu ya namba_kumbu ina indeksi (orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka), na bado kutafuta risiti moja kunachukua sekunde 7:

Seq Scan on malipo (rows=92001) (actual rows=9)
Filter: lower(namba_kumbu) = 'ab1207'
Rows Removed by Filter: 18400211

Nimeikata hiyo plani zibaki namba za muhimu. Seq Scan maana yake imesoma jedwali lote toka mwanzo mpaka mwisho. Rows Removed by Filter inakwambia imesoma rekodi milioni 18.4 ikazitupa zote isipokuwa 9. Na ukilinganisha makisio na hali halisi, ilidhani itapata 92,001 ikapata 9, makisio yamepotea mara elfu kumi. Sababu ya yote ni ile lower. Indeksi imepangwa kwa namba_kumbu kama ilivyoandikwa, wewe unauliza kwa herufi ndogo, ni sawa na kupewa kamusi iliyopangwa kwa herufi ya kwanza ya neno halafu ukaambiwa tafuta maneno kwa herufi ya mwisho, kamusi unayo mkononi lakini mpangilio wake haukusaidii, utafungua ukurasa kwa ukurasa. Na kwa kuwa haina takwimu za lower, databesi ikabahatisha tu asilimia 0.5 ya jedwali, ndo ile 92,001 ikatokea. Dawa:

CREATE INDEX CONCURRENTLY ON malipo (lower(namba_kumbu));
ANALYZE malipo;

Neno CONCURRENTLY linafanya watu waendelee kuandika wakati indeksi inajengwa, inachukua muda zaidi na haikubali kukaa ndani ya muamala, na ikifia njiani inaacha indeksi mbovu iliyoandikwa INVALID ambayo lazima uifute mwenyewe. Baada ya hapo risiti inapatikana ndani ya milisekunde, seva ni ile ile, RAM ile ile.

Ugonjwa huo una ndugu wengi. WHERE YEAR(tarehe) = 2024 ni ule ule, andika tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01' na indeksi itatumika. LIKE inayoanza na asilimia, '%juma', haina pa kuanzia. Kwenye MySQL kuna hii inayoniuma zaidi kwa sababu haionekani kabisa: kolamu ya namba ya simu ni VARCHAR (maandishi), programu inatuma namba bila alama za kunukuu, databesi inaanza kubadilisha kila rekodi iwe namba ili ilinganishe, indeksi inawekwa pembeni kimya kimya. PostgreSQL ingekataa na kukupa kosa, na kwa hilo naiheshimu. Na indeksi ya kolamu mbili, (tawi, tarehe), inasaidia anayeuliza kwa tawi, au kwa tawi na tarehe, anayeuliza kwa tarehe peke yake usitegemee atafaidika.

Hapo wengine wanatoka mbio wanaweka indeksi kila kolamu. Usifanye hivyo. Kila rekodi mpya inayoingia lazima iandikwe na kwenye indeksi zote, jedwali lenye indeksi 15 linalopokea miamala mchana kutwa umelibebesha mzigo mwenyewe. Angalia pg_stat_user_indexes, zenye idx_scan 0 (hazijatumika hata mara moja) kwa miezi kadhaa ni za kujadiliwa, ukiacha zile zinazolinda upekee.

Ile habari ya makisio naomba niirudie kidogo maana ndo moyo wa jambo lenyewe. Edgar Codd alipotoa wazo la databesi za mahusiano mwaka 1970 akiwa IBM, msingi wake ulikuwa mtumiaji aseme anataka nini, njia ya kukifikia iwe kazi ya mashine. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake, hapo hapo IBM, wakaeleza namna mashine itachagua njia kwa kukadiria gharama ya kila moja, na makadirio yanatoka kwenye takwimu za data. Mpaka leo ndo hivyo. Kwahiyo ukipakia rekodi milioni mbili usiku na takwimu bado ni za jana, databesi itachagua njia ya jedwali dogo kwa jedwali ambalo sio dogo tena. Ukimaliza kupakia, piga ANALYZE hapo hapo ili takwimu ziwe mpya.

PostgreSQL ina lake jingine, rekodi ukiifuta au ukiibadilisha ile ya zamani haiondoki, inabaki imekufa mpaka autovacuum, msafishaji wake wa ndani, ipite. Na autovacuum kwa kawaida inasubiri mpaka rekodi 50 jumlisha asilimia 20 ya jedwali ziwe zimekufa, kwa lile la malipo ni kama rekodi milioni 3.7. Kwa jedwali kubwa ishushe hiyo asilimia mpaka 0.02 (asilimia 2) kwa jedwali hilo peke yake, kupitia autovacuum_vacuum_scale_factor. Na yule jamaa wa kikaoni anarudi tena hapa, muamala mrefu ulioachwa wazi unaweza kuizuia autovacuum kusafisha vilivyokufa baada yake, hata kwenye majedwali asiyoyagusa.

Sasa ndo tuje kwenye RAM. Kweli kuna wakati inahitajika, lakini kwanza hakikisha uliyonayo inatumika. shared_buffers ya PostgreSQL, sehemu ya RAM inayotunza data iliyosomwa, inakuja MB 128, innodb_buffer_pool_size ya MySQL nayo MB 128, na nimekuta seva ya GB 64 imebaki na namba hizo hizo. Kwa seva ya databesi peke yake, PostgreSQL anza na robo ya RAM, InnoDB (injini ya MySQL ya kuhifadhi data) unaweza kwenda hadi kama asilimia 80. work_mem uiogope kidogo, inakuja MB 4, ukiona kwenye plani Sort Method: external merge ujue upangaji umemwagikia kwenye diski na unaweza kuipandisha, ila inahesabiwa kwa kila hatua ya kupanga ndani ya kila kweri, ukiweka MB 256 na una koneksheni 100 zinapanga kwa pamoja hiyo ni kama GB 25. Pandisha kwa ile ripoti moja kwa SET, usipandishe kwa wote.

Koneksheni zikiisha usikimbilie kuongeza max_connections kutoka 100 hadi 1,000, kila moja kwenye PostgreSQL ni prosesi kamili, zitagombania CPU zile zile. Weka PgBouncer katikati, programu inayowagawia wengi koneksheni chache kwa zamu.

Na siku ukitupigia, kabla hujazima chochote tunza kwenye faili majibu ya pg_stat_activity au SHOW FULL PROCESSLIST ya ule ule muda wa shida, pamoja na plani ya kweri unayoishuku, na utuambie ni kitu gani kimebadilika wiki hiyo. Ukishawasha upya seva, yale majibu ya muda ule hayapatikani tena, na itabidi tusubiri igande tena ndo tuone.