Kujiona mhanga na kushika wajibu: maana yake ni nini

"Umeme ulikatika, mama." Ndivyo nilivyomjibu mteja aliyefika kwenye kibaraza changu cha kushonea hapa Moshi, Jumamosi jioni, kuchukua gauni la kipaimara la binti yake. Gauni lilishashonwa, lilibaki kupigwa ovaloki tu, nyuzi zinaning'inia kila pindo. Aliligeuza upande wa ndani, akalikunja taratibu, akaliacha mezani. "Umeme umekatika tangu jana mchana," akasema. "Simu yangu ilikuwa hewani."

Sikuwa na la kujibu. Maneno yale ndiyo yaliyonifungulia dhana ambayo siku hizi watu wanaitaja sana: kujiona mhanga.

Mhanga kwa asili ni kafara, mnyama anayefungwa kamba akapelekwa kuchinjwa. Hana la kuamua. Ndiyo maana aliyepatwa na ajali, wizi au dhuluma tunamwita mhanga; jambo limemfika bila yeye kulitaka. Kujiona mhanga ni habari nyingine. Hapo kamba imeshalegea, au ilishika mguu mmoja tu, na mtu anaendelea kuishi kama aliyefungwa mwili mzima. Kila linalomsibu ana wa kumtaja: serikali, mwajiri, ndugu, jirani mwenye kijicho. Ugumu ni kwamba mara nyingi anayosema yana ukweli ndani yake. Umeme ulikatika kweli.

Kushika wajibu kunaanza kwa kutenganisha maswali mawili tuliyozoea kuyachanganya. Nani kasababisha? Na sasa ni juu ya nani kufanya nini? Umeme kukatika hakukuwa juu yangu. Kupiga simu Ijumaa ileile, kutafuta fundi mwenye jenereta, au kukesha na sindano nikamalizia pindo kwa mkono, hayo yote yalikuwa juu yangu.

Ila sipendi kabisa dhana hii inapotumiwa kuwafunga watu mdomo. Mwaka 1967 wanasaikolojia wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha majaribio waliyofanya kwa mbwa. Mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizima, walipowekwa baadaye kwenye sanduku ambalo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa, wengi walitulia tu wakavumilia maumivu. Haukuwa uvivu. Walishaumizwa mpaka wakaona kujaribu hakuna maana. Katika jaribio lililofuata watafiti waliwafunga kamba shingoni, wakawavuta kuvuka kizuizi, tena na tena, mpaka wakaanza kuvuka wenyewe.

Nimeifikiria sana kamba hiyo. Huku kwetu Uchagani mjane akinyang'anywa kihamba, yaani shamba la ukoo, na shemeji zake, kosa ni la shemeji, lote. Ukimwambia "acha kujiona mhanga" unamtonesha kidonda. Hata hivyo kuna mlango ambao ni yeye wa kuubisha: kwenda Mahakama ya Mwanzo, cheti cha kifo mkononi, kufungua mirathi. Anayempenda kweli ataamka naye alfajiri, wapande daladala pamoja, akae naye kwenye benchi mpaka jina liitwe, kwa sababu safari ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote. Ya pili huenda akaenda peke yake.

Gauni lile nilimalizia pindo kwa mkono usiku uleule, tochi ya simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la vifungo, nikalipeleka kwao Jumapili asubuhi kabla ya ibada. Binti alikuwa bado anasukwa. Siku hizi umeme ukikatika nafungua kwanza daftari la oda, nampigia mmoja mmoja, kisha ndiyo natafuta mshumaa.