Je, wajua kwa nini kitabu cha mashine cha mwaka 1868 bado kinawafaa mafundi?

Mwaka 1868, Henry T. Brown alichapisha mjini New York kitabu chenye michoro 507 inayoonyesha jinsi vipande vya mashine vinavyosukumana, vinavyovutana na kuzungushana. Humo mna kapi, mikanda, gia, krenki, pampu na mitambo ya saa, na kila mchoro una namba yake na maelezo mafupi. Ndege na kompyuta zimekuja baadaye, lakini kitabu hicho hakijachakaa, kwa sababu kilichochorwa humo ni mwendo wenyewe, ukiwa umetolewa ndani ya mashine yoyote ulimotumika.

Mtazame fundi cherehani wa wilaya ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mguu wake hupanda na kushuka juu ya pedali, ilhali gurudumu kubwa la chini huzunguka, kwa kuwa fimbo imeiunganisha pedali na krenki, yaani mkono mfupi uliofungwa kwenye mhimili wa gurudumu. Katika kila mzunguko kuna mahali pawili, juu kabisa na chini kabisa, ambapo fimbo na krenki hulala katika mstari mmoja, na hapo hata ukikanyaga kwa nguvu zako zote gurudumu halianzi kuzunguka. Ndiyo maana fundi hulizungusha kwanza gurudumu dogo la juu kwa mkono; mwendo ukishakolea, uzito wa gurudumu kubwa huivusha krenki penye mkwamo. Krenki ya namna hiyohiyo ndiyo inayogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko katika injini ya lori linalopeleka shaba Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Mwendo mmoja huweza kupatikana kwa njia nyingi, na hapo ndipo wingi wa michoro unapokuwa na thamani. Mwaka 1780, nchini Uingereza, James Pickard alipata hataza, yaani haki ya pekee, ya kutumia krenki kwenye injini ya mvuke. Mwaka uliofuata James Watt akasajili njia nyingine, ambayo gia moja husafiri kuizunguka nyingine. Njia zote mbili zimo kitabuni.

Kitabu hiki hakisemi chuma kiwe na unene gani wala kitahimili mzigo gani, kwa hiyo hakiondoi hesabu wala kazi ya kukereza. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kingestahili kuwekwa katika kila karakana ya shule za ufundi za Katanga. Haki zake za uchapishaji zilikwisha zamani na hupatikana bure katika intaneti. Tena mwanafunzi aliyesoma kwa Kifaransa, asiyejua Kiingereza, ataifuata michoro mingi kwa macho. Anayetaka kuunda mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi ajiulize kwanza ni mwendo gani unaoingia na upi unaotakiwa kutoka, kisha atafute mchoro unaoviunganisha viwili hivyo.