Betri ya Lamborghini na Vumbi la Njiro

Mwanafunzi mmoja wa karakana yetu hapa Arusha alinionyesha picha ya Lamborghini Revuelto kwenye simu. "Mwalimu, eti betri ya hii iko katikati, ubavuni mwa dereva. Haiwezi kumlipukia?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali ni zuri.

Ni kweli iko hapo. Gari hilo ni haibridi, yaani lina injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja; lilizinduliwa mwaka 2023, na betri yake ya lithiamu ya kilowati-saa 3.8 imelazwa kwenye handaki la katikati, palipokuwa na gia boksi katika toleo lililotangulia. Bodi ikikunjika kwenye ajali, katikati ni miongoni mwa sehemu za mwisho kufikiwa. Ferrari SF90 Stradale ya 2019 imebeba kubwa zaidi, kilowati-saa 7.9. Toyota Prius ya kizazi cha tatu, haibridi pia, hizi tunazopishana nazo Sakina, ina 1.3 tu. Ila mkono wa fundi hauulizi ukubwa. Betri ya Prius hiyo ina volti 201.6, na inverta, kifaa kinachoandaa umeme wa betri kwa ajili ya mota, inazipandisha hadi 650. Umeme wa nyumbani kwako ni 230.

Kwa hiyo Lamborghini hainitishi sana. Kinachonitisha ni spana ya gereji ya uani.

Kabla ya kugusa waya wowote wa rangi ya chungwa, yaani wa umeme mkubwa, hakikisha taa ya READY imezimika, kwa sababu haibridi huwa kimya hata ikiwa imewaka. Ufunguo peleka mbali. Toa waya wa hasi wa betri ndogo ya volti 12, vaa glavu za umeme za volti 1,000, chomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri kubwa, kisha subiri dakika 10. Hizo dakika ndizo zinazonigombanisha na vijana. Wanaona nawapotezea muda. Kumbe kapasita za inverta, vifaa vinavyohifadhi umeme kwa muda, bado zimeshika chaji, na ndani ya betri yenyewe umeme haujaenda popote. Glavu nazo huwa nazikunja kuanzia mdomoni, nazibana, nasikiliza kama zinavuja hewa. Tundu la sindano linatosha kukuua.

Mwezi huohuo tuliletewa Toyota Aqua, haibridi nyingine, kutoka Njiro hapa Arusha, taa ya tahadhari imewaka. Mwenye gari, mama mmoja, alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba betri imekufa, anunue nyingine. Tukainua kiti cha nyuma. Njia ya hewa ya kupoza betri ilikuwa imezibwa na vumbi jekundu, manyoya ya mbwa na karatasi ya pipi. Feni inavuta, hewa haipiti, betri inachemka. Tukasafisha, tukapima moduli zote 20, yaani vipande vinavyounganishwa kuwa betri nzima, hakuna iliyokuwa mbovu. Ukikaa barabara za vumbi, njia hiyo ya hewa ikaguliwe kila unapomwaga oili.

Moto ni habari nyingine. Seli ya lithiamu, kile kijibetri kimoja kimoja ndani ya betri kubwa, ikipita kiwango cha joto huanza kujichemsha yenyewe na kutoa gesi zinazowaka na zenye sumu. Unga wa mtungi mdogo wa kuzimia moto huzima ndimi za moto bila kuzipoza seli, ndiyo maana gari linaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa. Toka, kaa mbali na moshi, piga 114 ya zimamoto, na uwaambie mapema kwamba ni haibridi.

Toyota imetangaza kulenga 2027 hadi 2028 kuingiza sokoni betri za hali mango, zisizo na kile kimiminika kinachoshika moto. Kwetu Arusha zitafika zikiwa zimetumika miaka mingi, kama kawaida yetu. Ferrari nao, mwaka 2024, walianza kuuza mpango wa kulipia ambao mteja hubadilishiwa betri mwaka wa nane na tena wa kumi na sita. Huyo ni mtengenezaji wa magari ya matajiri, na hadai kwamba betri yake ni ya milele. Basi muuzaji akikuapia kuwa ya Aqua yake ya 2012 ni kama mpya, mwambie achomeke mashine ya kupimia, msome wote wawili volti za mafungu ya moduli, fungu moja baada ya jingine, gari likiwa linapanda mlima.