Kulenga ncha ya anga ni nini, na kwa nini kazi hii hubadilika karibu na ikweta

Kulenga ncha ya anga ni kuuweka mhimili wa kichwa kinachobeba darubini sambamba na mhimili wa Dunia, ambao huelekea angani kwenye ncha hiyo. Basi. Wengi hudhani ni kuielekeza darubini kwenye nyota fulani, au ni kuisawazisha stendi kwa pima maji. Hayo ni mambo mengine, na pima maji yenyewe unaweza kuiacha nyumbani, kwa sababu tutakayoieleza mbele.

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa hiyo nyota iliyo kwenye ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia) huonekana ikihama sekunde 15 za tao kwa kila sekunde moja ya saa (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Tuchukue darubini ndogo ya kubeba begani, yenye urefu wa fokasi wa milimita 250, na kamera yenye pikseli za mikromita 3.76. Zidisha 206.265 kwa ukubwa wa pikseli, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi: kila pikseli inaona sekunde 3.1 za tao. Bila mota, nyota itavuka karibu pikseli tano kila sekunde. Nebula hafifu (wingu la gesi na vumbi angani) inataka picha za sekunde 60, 120 hata 300, nyingi, ambazo baadaye hurundikwa kuwa moja. Ndiyo maana kichwa cha stendi kina mota inayozunguka kwa kasi ileile ya anga. Ila mota inatoa kasi tu. Mwelekeo wa mzunguko unautoa wewe, na kasi sahihi kwenye mhimili uliopinda huchora mistari vilevile.

Mhimili upinde kiasi gani ndipo picha iharibike? Kosa la dakika moja ya tao (sekunde 60 za tao) huihamisha nyota, pale inapokuwa pabaya zaidi, sekunde 0.26 za tao kwa kila dakika ya saa. Kosa la dakika 5 za tao kwenye vifaa vyetu vya hapo juu, kwa picha ya sekunde 120, linaleta mhamo wa sekunde 2.6 za tao, chini ya pikseli moja. Huwezi kuliona. Kosa la dakika 30, yaani nusu digrii, linaleta pikseli tano, na nyota zinakuwa vijiti. Sasa badilisha darubini: milimita 600, picha ya sekunde 300. Dakika zilezile 5 ambazo hazikuonekana sasa zinaleta pikseli tano. Hivyo hakuna jibu moja la swali "nilenge kwa usahihi gani". Kwa milimita 250 chini ya dakika 5 inatosha, na anayehangaika usiku kucha kutafuta sekunde 20 za tao anapoteza giza lake bure.

Ncha iko wapi ukiwa huku kwetu

Kimo cha ncha ya anga juu ya upeo ni sawa na latitudo ya mahali ulipo. London ncha ya kaskazini iko digrii 51 juu, na karibu yake kuna Polaris, nyota ya kung'aa inayokaa chini ya digrii moja kutoka ncha yenyewe. Maelekezo mengi ya vifaa hivi yameandikwa kwa watu wa latitudo hizo: chungulia katika kidarubini kilichomo ndani ya mhimili, iweke Polaris kwenye duara lake, kaza, umemaliza.

Nairobi iko digrii 1.3 kusini mwa ikweta, Mombasa 4, Dar es Salaam 6.8. Ncha ya kwetu ni ya kusini, na kwa mtu wa Nairobi iko juu ya upeo kwa unene wa kidole kimoja cha mkono ulionyooshwa. Pale kuna miti, paa za jirani, ukungu na vumbi. Hata upeo ukiwa safi, nyota iliyo karibu na ncha hiyo ni Sigma Octantis, yenye mng'ao wa 5.4, hafifu kiasi kwamba macho huiona kwa shida hata ikiwa juu kwenye giza zuri. Ikiwa chini hivyo, hewa nzito huimeza. Kampala ni digrii 0.3 kaskazini, na Polaris huko haina faida kubwa kuliko hiyo.

Kuna tatizo jingine ambalo watu hulisahau. Hewa hupinda mwanga, na karibu na upeo hupinda sana: kwenye kimo cha digrii moja na kidogo, nyota huonekana imeinuliwa kwa takriban dakika 20 za tao. Kwa hiyo ukibahatika kuiona na ukailenga kwa ustadi wote, umelenga mahali pasipo ncha. Ushauri wetu ni mfupi: huku usiitafute ncha kwa jicho. Upime mhimili wako kwa athari zake kwenye nyota zilizo juu.

Kabla ya kupima: chuma chenyewe

Vichwa vingi vidogo vimetengenezwa kwa latitudo za kati. Skrubu ya kimo inafika digrii 10 au 15, inagoma. Dawa yake ni kuinamisha stendi nzima: fupisha mguu ulioelekea kusini hadi mhimili ushuke. Ndiyo maana pima maji si lazima, kwani kinachotakiwa ni mhimili uwe sambamba na wa Dunia, hata kama stendi imekaa upande. Stendi iliyoinama huweza kuanguka, kwa hiyo tundika begi la mchanga katikati yake na uhakikishe uzito wa darubini hauelemei mguu ule mfupi.

Mhimili ukilala hivyo, mpini wa jiwe la kusawazisha nao huning'inia karibu wima na kugonga miguu ya stendi. Kiweke kichwa juu ya nguzo fupi ya sentimita 15 hadi 20. Kamera nayo huweza kugonga mguu darubini inapotazama utosini, na huku kwetu vitu vingi vizuri hupita utosini; Nebula ya Orion ni kimojawapo. Zungusha kila kitu kwa mkono mara moja kabla ya giza uone kinagonga wapi.

Sawazisha uzito kamera, nyaya na fokasi vikiwa tayari. Ukilenga kwanza kisha ukaongeza kamera, mhimili utainama na kazi itaanza upya. Kwenye mchanga wa pwani au nyasi laini, weka kigae au kipande cha ubao chini ya kila mguu, maana stendi huzama polepole na mhimili huzama nayo.

Halafu swichi ya N na S. Kusini mwa ikweta mhimili ukiwa umeelekea kusini, swichi iwe S. Ikibaki N, mota inazunguka kinyume na nyota zinakimbia kwa kasi maradufu, karibu pikseli kumi kwa sekunde. Ukiona mistari mirefu ndani ya picha ya sekunde mbili tu, usiguse kitu kingine kabla ya kuitazama swichi.

Mwelekeo wa awali utoe kwa dira, ukiwa umeongeza au kupunguza tofauti ya sumaku ya mahali pako (pembe kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli). Simu iliyobanwa kwenye kichwa chenye chuma na mota hudanganya kwa digrii kadhaa. Simama mita mbili nyuma, pima mstari wa kusini kwa kutazama kitu cha mbali, kisha elekeza mhimili kwenye kitu hicho.

Njia ya picha tatu

Kama una kompyuta au kisanduku cha kuendesha kamera, hii ndiyo njia ya kwanza. Programu hupiga picha, huitambua kwa kuilinganisha na ramani ya nyota, huzungusha mhimili digrii kumi au zaidi, hupiga tena, kisha mara ya tatu. Vituo vya picha hizo tatu viko kwenye duara, na kitovu cha duara ndipo mhimili unapoelekea. N.I.N.A., programu ya kompyuta ya bure, ina nyongeza ya kazi hii, na ASIAIR, kisanduku cha kuendesha kamera, nayo ina njia isiyohitaji kuiona ncha. Chagua njia ya namna hiyo. Programu zinazotaka kamera itazame eneo la ncha hazitakufaa Nairobi.

Kuna mtego mmoja wa ikweta. Baada ya kupima, programu hufuata marekebisho yako kwa kuangalia picha inavyohama unapozungusha skrubu. Darubini ikitazama utosini, skrubu ya kushoto na kulia huizungusha picha papo hapo tu bila kuihamisha, na programu haioni ulichofanya. Ikitazama mashariki au magharibi kamili karibu na upeo, skrubu ya kimo ndiyo hupotea hivyo. Lenga eneo la kusini au kaskazini lenye kimo cha digrii 40 hadi 60. Rekebisha, kaza bolti zote, kisha pima upya tangu mwanzo, kwa sababu kukaza kwenyewe huhamisha mhimili dakika kadhaa za tao.

Njia ya mhamo

Isiyo na kompyuta, ya zamani, na huku inafanya kazi vizuri kwa kuwa ikweta ya anga inapita juu ya vichwa vyetu. Washa mota. Tafuta nyota iliyo karibu na ikweta ya anga na karibu na mstari wa kaskazini-kusini unaopita utosini. Katikati ya Januari, saa nne usiku, ni Mintaka, nyota ya ukingoni kwenye mkanda wa Orion. Katikati ya Agosti, saa hizohizo, Altair inafaa. Sukuma darubini kidogo kuelekea kaskazini: nyota itakimbilia upande wa kusini wa fremu. Sasa unajua pande zako. Irudishe katikati, subiri dakika tano, na utazame mhamo wa kaskazini-kusini peke yake. Ule wa mashariki-magharibi ni wa gia, uache.

Mhimili ukiwa umeelekea kusini: nyota ikihamia kaskazini, ncha ya mhimili imekwenda mashariki mno, isogeze magharibi. Ikihamia kusini, isogeze mashariki. Rudia hadi itulie. Kisha geukia nyota iliyo mashariki, digrii 20 hadi 30 juu ya upeo, nayo pia karibu na ikweta ya anga. Ikihamia kusini, mhimili uko juu mno. Ikihamia kaskazini, uko chini mno. Rudi kwenye ile ya kwanza mara moja zaidi, kwani stendi iliyoinama huchanganya skrubu hizo mbili. Kosa la digrii nzima litaonekana kama pikseli tano kwa dakika, kwa hiyo mwanzoni huna haja ya kusubiri dakika zote tano.

Mistari inapobaki

Tazama mwelekeo wake. Vijiti vya mashariki-magharibi vinavyokuja na kuondoka kila baada ya dakika chache ni kasoro ya gia au uzito usiosawazika, na kulenga upya hakutaviponya. Vijiti vya kaskazini-kusini vinavyofanana katika kila picha ni mhimili. Nyota safi katikati na vijitao vinavyozunguka kwenye pembe ni fremu inayojizungusha. Hapo mara nyingi kamera ya kuongoza (ya pili, inayofuata nyota na kuisahihisha mota) imeishikilia nyota moja kwa nguvu, huku kosa la mhimili likigeuza picha nzima kuizunguka nyota hiyo. Kamera ya kuongoza haifuti kosa la kulenga, hulificha tu.

Darubini janja kama Seestar S50 ikitumiwa kwa kawaida, yaani bila kulengwa, huhama juu-chini na kushoto-kulia, na fremu yake hujizungusha daima. Karibu na ikweta mzunguko huo ni mkali: kitu kilicho kusini kwenye kimo cha digrii 60 huzunguka digrii 30 kwa saa. Kwa picha ya sekunde 10, pembe ya fremu yake inahama pikseli 1.6, kwa sekunde 30, karibu pikseli 5. Kwa hiyo huku baki na sekunde 10, na uchague vitu vilivyo upande wa mashariki au magharibi, ambako mzunguko hupungua hadi karibu sifuri. Kilimia inapochomoza jioni za Novemba ni mahali pazuri pa kujaribia.